Barua za Desemba: Mwaka Wako Umeuweka Wapi?

Habari za siku jamani wa Nyanda za Juu Kusini na nyie mliosambaa huko mikoani. Mwezi uliopita niliomba kila mmoja aniandikie jambo moja tu la mwaka huu wa 2024 ambalo halijamtoka kichwani, iwe mpira, iwe familia, iwe mambo ya mtandaoni, na barua zimekuja kutoka Tunduma mpaka Mafinga. Zote nimezisoma, zingine mara mbili. Hizi hapa ndo nimeona nizijibu.

Dada, mimi ni mkulima wa mpunga Ubaruku, Mbarali. Mwaka huu timu yetu Ihefu imechukuliwa imepelekwa Singida, na jina likabadilishwa. Mwanangu wa miaka tisa bado anavaa jezi ya Ihefu na ananiuliza, baba, sisi saizi ni timu gani? Sina jibu. Nimwambie nini?

Kaka yangu, pole sana, na sikupi pole ya mdomoni tu maana hii ishu mimi mwenyewe imenikaa. Kwa wasiojua, Ihefu ilikuwa inachezea pale pale Ubaruku, uwanja wa Highland Estates, watu wanatoka shambani na matope miguuni wanaenda uwanjani, na tarehe 29 Novemba 2022 ikawapiga Yanga 2-1, Yanga ambao walikuwa wamecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa na mtu. Siku ile nilikuwa kwenye bajaji natoka Kabwe, dereva anasikiliza redio ya simu, filimbi ya mwisho ikapigwa akapaki pembeni akashuka akaanza kushikana mikono na watu asiowajua. Mimi ni Yanga, nisiwadanganye, roho iliniuma, lakini nilishuka na mimi nikampa mkono kwasababu ilikuwa ni Mbeya yetu imefanya kitu. Oktoba 2023 wakarudia tena, 2-1 ile ile, palepale. Alafu msimu haujaisha timu inahamia Singida, na msimu mpya unaanza inaitwa Singida Black Stars.

Timu ni mali ya mtu na mwenye mali anaweza kuihamisha, hilo najua. Ila kwa maoni yangu watu wa Ubaruku walistahili kukaa chini na kuambiwa vizuri kabla, kama unavyomuaga mwenyeji wako, kwasababu nyie ndo mliilea ile timu ikiwa haijulikani, mkaipokea iliposhuka daraja 2021 na mkaisubiri mpaka ikarudi.

Kwaiyo mtoto mwambie ukweli wote, usimwambie "utaelewa ukikua". Mwambie sisi ni watu wa Ihefu, timu ilicheza hapa, na siku ile ya Yanga wewe ulikuwa na miaka saba. Mchukue jioni moja mwende mpaka uwanjani hata kama hakuna mechi, muoneshe mlikuwa mnakaa upande gani. Usimlazimishe kuipenda Singida wala usimfundishe kuichukia, wachezaji hawana kosa. Na ukipata nauli, hata mara moja kwenye likizo hii au ya mwezi wa sita, mpandishe gari mpite Chimala na Igurusi mje huku Mbeya mjini uwanja wa Sokoine. KenGold ya Chunya imepanda Ligi Kuu msimu huu wa 2024/25 kwa mara ya kwanza, iko mkiani inateseka, na timu inayoteseka ndo inahitaji watoto wa kupiga kelele. Mbeya City nao msimu huu wako Championship, ligi ya chini ya Ligi Kuu, wanahangaika kurudi, na mwambie hao msimu wao wa kwanza kabisa Ligi Kuu, 2013/14, walimaliza wa tatu juu ya Simba. Jezi yake aje nayo, asiivue. Hakuna wa kumcheka Sokoine kwa jezi ya Ihefu.

Mimi ni mama wa miaka 61, naishi Uyole. Mwezi wa tisa mjukuu wangu amezaliwa Dar es Salaam. Habari nilipewa na jirani, yeye aliona kwenye stetasi ya mkwe wangu. Mimi natumia simu ya batani. Mpaka leo nikiongea na mwanangu naongea kwa mkato. Krismasi wanakuja na mtoto. Nifanyeje mwanangu?

Shikamoo mama. Na hongera kwa mjukuu, naomba nianzie hapo maana naona kwenye barua hata hujapewa nafasi ya kupongezwa.

Una haki ya kuumia. Habari ya mtoto ina njia yake, inaanza kwa bibi zake ndo itoke nje, na jirani alipaswa kuipata kwako wewe ukiwa unacheka, siyo wewe uipate kwake umeshika ndoo. Sasa mimi nikuombe kitu kimoja, usiibebe hiyo hasira mpaka mtoto afike. Siku ya kwanza wakishapumzika mwite mwanao peke yake, mkwe asiwepo, mpe kisu mmenye ndizi pamoja, umwambie kwa sauti ya kawaida kabisa, "siku ile niliumia." Usitaje jirani alivyosema, usitaje nani alipaswa kufanya nini. Nyamaza umsikilize. Mimi naamini hajui mama, kwasababu hawa wadogo zetu picha inaenda mtandaoni hata mtu hajakata shauri, kidole tu, na mkwe wako alikuwa ametoka leba, yawezekana kabisa simu ilikuwa kwa mdogo wake.

Alafu wekeni sheria ya nyumba. Kwetu tuliiweka mwaka huu baada ya yaliyotukuta, msiba wa shangazi ulitangazwa kwenye grupu la ukoo saa kumi na moja alfajiri, kaka yangu mkubwa akausoma akiwa anaendesha gari. Tangu siku ile kitu chochote kikubwa, kuzaliwa, kufiwa, kuposa, kulazwa, mtu anapiga simu kwanza, watu wote wa karibu wakishasikia sauti ndo grupu, na kuposti ni mwisho kabisa. Asiye na bando anapigiwa. Wewe mwenye simu ya batani unakuwa wa kwanza kwenye listi, kwasababu grupu halikufikii.

Na huyo mtoto akifika mbebe wewe, mfunge mgongoni na kitenge chako mwenyewe umtembeze mpaka kwa huyo jirani. Umuoneshe wewe.

Dada, niko kidato cha tano Tukuyu. Kwanini mwezi wa tano intaneti ilikufa nchi nzima? Mwalimu alisema waya ulikatika baharini, tukabishana sana bwenini.

Mwalimu yuko sahihi. Jumapili ya tarehe 12 Mei nyaya mbili zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika huko upande wa Afrika Kusini, na hizo ndo zinabeba sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki. Watu wanadhani intaneti inatoka kwenye setelaiti juu, kumbe nyingi inatembea kwenye waya uliolala chini ya bahari unaotokea Dar es Salaam alafu ndo inapanda nchi kavu mpaka kwenye mnara wenu wa Tukuyu. Meli maalum ndo inakwenda kuutafuta waya, inauvuta juu, wanauunganisha, ndo maana inachukua siku nyingi. Na kama bwenini mlibishana pia kwanini hela zilikuwa zinatumwa kama kawaida, ile menyu ya kubonyeza nyota na reli haitumii intaneti. Soma sana mdogo wangu, kwenye hayo mambo ya nyaya tunahitaji watu.

Dada naandika nalia. Mwezi wa kumi baba yetu alifariki, tukamzika Iringa kijijini. Picha zote za mwisho za baba na za msiba zilikuwa kwenye simu yangu, na mwezi uliofuata simu ikaibiwa stendi ya Nane Nane hapa Mbeya. Sijawaambia hata ndugu zangu. Naona kama nimempoteza baba mara ya pili.

Mdogo wangu, pole kwa baba na pole kwa simu. Nimeiweka barua yako mezani wiki nzima.

Kwanza ya haraka. Kama hiyo simu ilikuwa Android na ulikuwa na akaunti ya Gmail, chukua simu ya mtu unayemuamini, ingia na akaunti hiyo hiyo kwenye Google Photos, wengi picha zao zinajihifadhi kule zenyewe bila wao kujua. Kama umesahau nywila, karudishe laini yako kwanza kwa alama za vidole, ndo uitumie kufungua akaunti. La pili, waambie ndugu zako leo. Huna kosa, uliibiwa. Na ukiwaambia kuna picha zitatokea, maana msibani hakuna mtu mmoja tu mwenye simu, binamu, kwaya, vijana wa jikoni, kila mtu alipiga mbili tatu, na zile ulizowatumia wewe bado ziko kwenye simu zao. Zikipatikana chagua tano, nenda studio zichapwe kwenye karatasi, moja kaiache kijijini kwa mama.

Sasa nikwambie kingine. Ulizia daftari la rambirambi liko kwa nani.

Baba yangu alifariki mimi niko chuo, na picha za msiba wake tunazo nne tu, mbili zina ukungu. Lakini mama ana kaunta buku la msiba ule, jalada jekundu limechanika pembeni, liko kwenye sanduku na hati za shamba. Mwandishi alikuwa baba mdogo, mwandiko wake umelala kulia. Jina, na mbele yake alicholeta. 2,000. 5,000. Mahindi debe 1. Mkungu 1. Kuni mzigo 1. Maharage sado 2. Kuna mama mmoja mbele ya jina lake hakuna hela wala debe, baba mdogo ameandika tu "amelala siku tatu." Yule mama alikuwa hana kitu, akaja akapika na kuosha vyombo vya watu na kulala na mama yangu sakafuni siku tatu, na baba mdogo akaona huo ni mchango, akauandika kwenye mstari kama wa wengine wote.

Mimi nikilisoma daftari lile namuona baba kuliko kwenye zile picha nne. Naona nani alimpenda. Kwaiyo likitafutwa la kwenu likapatikana, lisitupwe na lisitumike kuandikia vitu vya duka, na kama wewe una kumbukumbu ya maneno yake ya mwisho mwisho, alivyocheka, alivyokuita, andika humo humo kurasa za nyuma kwa peni, kabla mwaka haujaisha.

Dada na wewe utuambie. Cha kwako cha 2024 ni kipi? Msomaji wako, Mwanjelwa.

Vipo viwili. Mwisho wa mwezi wa pili Mzee Mwinyi, rais wetu wa awamu ya pili, alipofariki, miaka 98, mama alitukalisha akatusimulia enzi za Mzee Rukhsa, jinsi mitumba ilivyojaa sokoni na yeye akanunua koti lake la kwanza la kuzuia baridi ya mwezi wa saba. Koti analo mpaka leo. Nilikuwa naliona miaka yote sijawahi kuuliza limetoka wapi.

Cha pili ni tarehe 19 Novemba, Taifa Stars na Guinea uwanja wa Mkapa, lazima tushinde ndo tuende AFCON ya Morocco. Januari kule Ivory Coast tulikuwa tumetoka na pointi mbili, Zambia wakaturudishia bao dakika ya 88 wakiwa pungufu, ile ilituuma familia nzima. Safari hii Msuva akapiga kichwa, 1-0, ikaisha hivyo hivyo. Nilikuwa nyumbani kwa mama, na mama hafuatilii mpira kabisa, ila alipoona tunalia akauliza nani kamfunga nani, akainuka akaenda chumbani. Asubuhi nimekuta ameandika kwenye daftari lake la matumizi, "Leo Tanzania 1 Guinea 0, watoto wote walikuwepo." Chini yake ni bei ya mbolea na hela ya kibarua wa kupalilia viazi.