Kwa anayeanza kusoma masimulizi ya Wainuit

Ukianza kusoma habari za angakkuq, mganga wa Wainuit (wenyeji wa nchi za barafu za kaskazini, kama Kanada na Greenland), utatamani kuandika "Wainuit wanaamini kwamba..." Jizuie. Andika nani alisema, akiwa wapi, akimwambia nani. Nimefanya kazi hii muda mrefu, na sioni kanuni nyingine inayoizidi hii.

Mchukue Aua, angakkuq wa upande wa Igloolik, Kanada, aliyehojiwa na mpelelezi na mtafiti Knud Rasmussen mwaka 1922. Rasmussen alizaliwa Greenland na lugha aliikuta nyumbani, kwa hiyo hapakuwa na mkalimani kati yao. Alikuwa akiuliza sababu za miiko: kwa nini hiki, kwa nini kile. Aua akamtoa nje kwenye dhoruba ya theluji, akamwonyesha wawindaji wakirudi kutoka kwenye matundu ya barafu ambako sili hupumulia. Wamevizia kutwa, na wengi hawana kitu. Akamwingiza nyumba yenye baridi, taa ya mafuta ya sili inafifia, watoto wanatetemeka. Mwisho akampeleka kwa dada yake mgonjwa. Kila walipofika aliuliza yeye sasa: kwa nini? Ndipo akasema kwamba wao hawaamini, wanaogopa. Kauli hiyo hunukuliwa sana, ila dhoruba na wale watoto huachwa, na inaniuma kila ninapoiona hivyo.

Kuhusu mwanamke wa baharini, anayesimuliwa kuwa mwenye wanyama wa bahari, chunga majina. Vidole vyake vilikatwa vikawa sili na wanyama wengine wa bahari. Watu wakivunja miiko, uchafu hujaa nyweleni mwake naye huwazuia wanyama, mpaka angakkuq ashuke kwa roho hadi chini ya bahari kumtuliza. Kisiwani Baffin, Kanada, wengi humwita Sedna, Wanetsilik, kundi jingine la Wainuit, humwita Nuliajuk, Igloolik ni Takannaaluk, na visa vyenyewe hutofautiana. Usivichanganye ukapika kimoja.

Ukibahatika kukaa na wazee, usiwaulize "zamani watu waliamini nini?" Wengi hukataa kusema wasichokishuhudia, na wamisionari waliwafanya baadhi yao waogope hata kuutaja uganga. Uliza: wewe ulimwona nani, alifanya nini? Kisha nyamaza, usikilize.

Wala usidhani haya ni ngano tupu. Mwaka 1861 mpelelezi Mmarekani Charles Francis Hall aliambiwa na Wainuit wa Baffin kwamba zamani wazungu walikuja na meli miaka mitatu mfululizo, na watu wao watano wakabaki. Ilikuwa habari ya safari za baharia Mwingereza Martin Frobisher, za 1576 hadi 1578, iliyohifadhiwa kwa mdomo karibu miaka 300. Na meli ya Erebus, iliyopotea na msafara wa Mwingereza John Franklin wa 1845, ilipatikana 2014 katika eneo ambalo Wainuit walikuwa wamelitaja tangu karne ya 19.