Maswali ya Wasomaji: Unga Mweupe Kwenye Mlingoti

SWALI: Assalaam alaykum. Nina Hobie 16 ya zamani hapa Shela, kile chombo kidogo cha tanga chenye viunzi viwili. Lile bamba la stenlesi la juu ya mlingoti, linaloshika waya wa mbele na nyaya mbili za ubavuni, linacheza ukilitikisa, na kandokando ya ribiti kumetoka unga mweupe. Fundi wa majahazi asema nitoboe mlingoti upande hadi upande nitie bolti moja nene, yaishe. Nimsikilize?
— Msomaji, Lamu

JIBU: Waalaykum salaam. Bolti iache. Mlingoti wa jahazi ni mti mzima, hubanwa ukavumilia. Wako ni bomba la alumini lenye ukuta mwembamba. Ukikaza nati, bomba labonyea. Ukiilegeza, bolti yala tundu.

Unga huo ni alumini inayolika. Stenlesi na alumini zikigusana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoumia. Ribiti za alumini zikishika bamba la stenlesi hufa mapema, kwa kuwa ni ndogo na bamba ni kubwa. Tumia ribiti za moneli, aloi ya nikeli na shaba, za milimita 4.8 (inchi 3/16). Hapo kilicho kigumu ndicho kidogo, na madhara yanagawanyika kwenye mlingoti mpana, polepole.

Laza mlingoti kwanza. Ni watu wawili, urefu wake ni kama mita 8, na alumini hupitisha umeme, basi tazameni nyaya za stima kabla ya kugusa chochote. Toa pia kitako cha chini, kwani mabaki ya ribiti yatadondokea ndani na hapo ndipo pa kuyatolea.

Kwenye kutoa ribiti ndipo wengi wanapoharibu. Katikati ya ribiti mara nyingi mna kipande cha msumari mgumu. Drili ikikikuta huteleza pembeni na tundu hugeuka yai. Kigonge kiingie ndani kwa msumari butu, ndipo utoboe kwa keekee ya 4.8, mwendo wa taratibu, mpaka kichwa kibanduke. Kilichobaki kisukume ndani. Usitoboe kwa keekee kubwa eti uwahi kumaliza.

Sugua pale chini ya bamba kwa msasa hadi alumini ing'ae, suuza kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi, kausha, kisha kagua kwa tochi. Vishimo vidogo havina neno. Ufa unaotoka tundu moja kwenda jingine ni habari nyingine: mlingoti huo usiutweke tena tanga mpaka utiwe bomba la ndani au ubadilishwe. Tundu lililogeuka yai, lipanue lichukue ribiti ya 6.4, hilo peke yake. Ukilazimika kutoboa jipya, liwe angalau milimita 15 kutoka la zamani, katikati hadi katikati.

Pima bamba na ukuta wa mlingoti kwa pamoja, uchague ribiti ambayo pakiti yake inataja unene huo. Ndefu mno haibani, fupi mno haifungi. Ile bunduki ndogo ya ribiti ya hadiwea haiwezi moneli. Azima yenye mikono mirefu.

Kati ya bamba na mlingoti paka Duralac au Tef-Gel, dawa za kutenganisha stenlesi na alumini, na kila ribiti uichovye humo kabla ya kuitia. Wengine hukata plastiki ya dumu wakaiweka katikati. Inatenganisha kweli, ila ikiwa nene hubonyea na ribiti zikalegea baada ya muda. Dawa ya kupaka ni bora.

Mwisho ziba kila ribiti katikati, kwa sababu ina tundu. Mlingoti ukiingia maji siku ya kupinduka, chombo kitageuka chini juu na kukiinua kutakuwa kazi ya watu wengi. Silikoni inayonuka siki usiitumie, asidi yake hula alumini, tafuta Sikaflex, gundi ya kuzibia vyombo. Ikishakauka, rudisha kitako, uuzamishe mlingoti penye maji machache ukaukandamize: panapotoka mapovu ndipo panapovuja.

Kisahani cha plastiki chini ya kitako kibadilishe papo hapo. Kikiisha, chuma husaga chuma kila mlingoti unapozunguka. Na pini ya bawaba ya kuinulia mlingoti itoe kabla ya kwenda majini.

SWALI: Waya mmoja wa ubavuni umekatika uzi mmoja tu, karibu na chini. Naweza kuukata hapo nikaufunga kwa klempu za hadiwea?
— Msomaji, Malindi

JIBU: Hapana. Waya wa milimita 3 huteleza kwenye klempu, tena klempu yenyewe huukandamiza. Uzi hukatika pale chini kwa sababu maji ya chumvi hutiririka na kutuama kwenye mdomo wa kifungio. Ukiona mmoja, nyingine ziko njiani. Badilisha nyaya zote mbili za ubavuni kwa pamoja, kila mmoja upimwe tundu hadi tundu. Pini na pete zake ziwe mpya, uzizungushie tepu ya umeme zisinase kamba. Waya wa mbele uufute kwa kitambaa cha pamba: kikinasa popote, nao ubadilishwe.