Pikapu ya zamani: uanze wapi fedha zikiwa chache

Ndugu, umeuliza kama fedha kidogo ulizonazo uzitumie kwanza kupaka rangi pikapu yako ya zamani au kufungua injini. Kwa maoni yangu, usianze na lolote kati ya hayo. Ingia chini ya gari, likiwa limeegemea stendi imara na si jeki peke yake, kisha gonga chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, kwa nyundo ndogo, hasa karibu na mahali springi zinapofungwa, kwa sababu chuma kizima hulia kwa sauti kali, ilhali kilicholiwa na kutu hutoa mlio mzito na hata bisibisi huzama ndani yake. Ikiwa imeoza hapo, gharama ya kuchomelea inaweza kuzidi thamani ya gari lenyewe. Ikiwa nzima, fuata breki: badilisha mipira iliyopasuka pamoja na mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu wa hewa na hivyo huchemka mapema yanapopata joto. Milango, vioo na taa nunua vya mtumba bila wasiwasi. Pedi za breki, hapana. Rangi, najua inavyotamanisha, itasubiri.