Si nafasi, ni ukoo wa majina

Msomaji wa Wete ameniandikia: "Asalaam aleykum, Maalim. Natengeneza programu ya kuweka kumbukumbu za karafuu, na mafaili yake ni ya XML. Kwenye maelezo ya Kiswahili nalazimika kutaja namespace. Wenzangu wanaiita 'nafasi ya majina'. Ni sahihi? Na hiyo namespace yenyewe niipe jina gani?"

Waalaykumu salaam, mwanangu. Si sahihi, na nakuomba usiiandike. Kwa msomaji mgeni: XML ni namna ya kuandika data ndani ya faili, kila kipande, yaani elementi, kikiwa na jina lake; na namespace ndiyo inayoonyesha jina hilo ni la kundi gani.

Nafasi imetujia kutoka Kiarabu, shina moja na neno lao la pumzi, na Mswahili anaitumia kwa wasaa, fursa na pahala pa kukaa. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na huu mtindo wa kufungua kamusi, kuchukua maana ya kwanza iliyopangwa na kuondoka nayo mbio.

Chukua fomu yoyote, ya skuli au ya hospitali. Pale palipo wazi, pa kuandika Asha au Khamis, ndipo penye nafasi ya jina. Mtoto wa darasa la tatu analijua hilo. Sasa yatie maneno ya wenzako katika sentensi za kazi yenu. "Kwanza tangaza nafasi ya majina." Kijana akisikia nafasi zimetangazwa anatafuta vyeti vyake, maana nafasi zinazotangazwa ni za kazi. "Elementi hii ina nafasi ya jina tupu." Msomaji ataelewa kuwa kuna mtu aliyesahau kujaza. "Elementi mbili zimo katika nafasi moja." Basi zimebanana? "Nafasi ya majina haikupatikana." Ofisi imejaa, njoo kesho. Kila sentensi inampeleka msomaji siko. Istilahi inayomlazimisha mtu asahau Kiswahili chake ndipo aielewe, ya nini?

Na madhara hayaishii kwenye lugha. Nafasi humfanya mtu adhani kuna mahali pa kwenda. Anaona anwani inayoanza na http, ambayo ndiyo jina la namespace, anaibofya, hakuti ukurasa, anasema faili limeharibika. Halikuharibika. Anwani ile hailazimiki kufikisha mtu popote. Kazi yake ni kutambulisha tu.

Tazama karafuu zako. Ndani ya faili una elementi iitwayo daraja: la kwanza, la pili, la tatu, kama mkulima anavyopimiwa kituoni. Siku utakayoliunganisha faili hilo na la barabara zinazopita magari ya magunia, utakuta daraja jingine, lile la kuvukia mto. Herufi ni zile zile, na kompyuta haina akili ya kuuliza "daraja lipi?" Mgongano huo ndio uliowafanya W3C, shirika linalotoa viwango vya mtandao, walioitoa XML mwaka 1998, kutoa mwongozo mwengine Januari 1999: jina litajwe pamoja na asili yake. Ndiyo maana unaandika k:daraja na b:daraja, kisha juu ya faili unaeleza k ni nani na b ni nani:

xmlns:k="http://example.org/karafuu"
xmlns:b="http://example.org/barabara"

Kwa jambo hili sisi tuna neno letu tayari. Akina Juma wamejaa Unguja na Pemba, na kinachowatenga ni ukoo. Basi ni ukoo wa majina. Zipitie sentensi zile zile: tangaza ukoo; elementi hii haina ukoo; elementi mbili ni za ukoo mmoja; ukoo haukutambulika. Hakuna hata moja inayokwama. Utaambiwa kwamba "jina la ukoo" limo kwenye fomu tangu zamani. Limo, na linafanya kazi hiyo hiyo ya kumtenga Juma na Juma mwenzake. BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, wakitoa istilahi nyingine iliyo bora nitaifuata. Hata anayesema nemuspesi simgombi, kwani huyo amekopa na mkopo wake unaonekana. Nisiyemvumilia ni yule anayevunja neno letu wenyewe.

Ama kuupa ukoo jina, tumia anwani iliyo chini ya kikoa (domain) mnachokimiliki, wewe au ofisi yako, asije mtu mwengine akajichagulia hiyo hiyo. Iandike kamili, usiweke kipande. Kiambishi, yaani hiyo k, ni mkato wa ndani ya faili tu: mwenzako wa Chake akiandika kar badala ya k, maadamu anwani ni ile ile, ukoo ni ule ule. Kisianze na herufi xml, hizo zina wenyewe. Ukishaichagua anwani usiiguse tena, kwa sababu hulinganishwa herufi kwa herufi. Ukiandika karafuu leo na Karafuu kesho, umezaa koo mbili, na ukiongeza mkwaju (/) mmoja mwishoni umezaa wa tatu.