Kabla ya Kuhamia Mtaa Mpya, Ulizia Mapagale

Miaka sita iliyopita nilihama Isevya, ambako majirani walijua hata saa ninayobandika chai, nikahamia katika nyumba yangu isiyokuwa na dari bado, pembezoni mwa Manispaa ya Tabora, kwenye viwanja vilivyokuwa mashamba ya mihogo. Usiku mmoja nilisikia yowe kutoka kwenye pagale lililo karibu na dirisha langu. Sikutoka, kwa kuwa sikuitambua ile sauti. Asubuhi niliambiwa kuwa kijana wa bodaboda, anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwangu, alivunjwa mkono kwa nondo na kuporwa pikipiki.

Watu husema mji ukikua na ujambazi hukua, wakaishia hapo. Ni kweli kwamba mkoa wetu ulihesabiwa watu 2,291,623 mwaka 2012 na 3,391,679 mwaka 2022, lakini Tokyo, ambayo ni miongoni mwa miji mikubwa kuliko yote duniani, ina mauaji machache mno. Huko Chicago, watafiti Shaw na McKay walionyesha mwaka 1942 kwamba mitaa ileile iliendelea kuzalisha vijana wahalifu hata wakazi wake walipobadilika, kwa sababu umaskini na kuhamahama viliwazuia watu kujuana na kuchungiana watoto.

Kwa hiyo unaponunua kiwanja usiishie kwenye bei na hati. Pita hapo kwa miguu saa mbili usiku, uhesabu mapagale, kisha umuulize mwenyekiti wa mtaa kikao cha mwisho kilifanyika lini na walihudhuria wangapi, akisitasita, umeshajibiwa.

Sungusungu walipoanza huku Unyamwezini na Usukumani katika miaka ya 1980, mwano, yaani yowe la kuomba msaada, ulipopigwa kila mwanamume alitoka, kwani kijijini sauti ya mtu hujulikana hata gizani. (Viboko vyao na hukumu zao za papo hapo siwatamanii watu wa mtaa wangu.) Sisi tuligawana filimbi na namba za simu, tukamtafuta mwenye pagale, ambaye kumbe anaishi Mwanza, naye akaturuhusu kuziba milango na madirisha kwa matofali yake mwenyewe. Kazi hiyo ilituchukua Jumamosi mbili, na humo ndimo nilimojua majina ya majirani.

Mkono wa yule kijana ulipona ukiwa umepinda kidogo. Akirudi usiku hupiga honi mara mbili langoni kwangu, nami hutoka.