Bata mia nne kwenye dimbwi moja, je wameongezeka?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi nalima mpunga bonde la Ruvu huku Bagamoyo. Mwezi wa kwanza, kwenye dimbwi lililobaki karibu na mashamba yetu, nimehesabu bata wa miluzi, wale wa uso mweupe, kama mia nne hivi, sijawahi kuona wengi namna hiyo. Kuna jamaa alikuja siku moja akapiga picha akasema hawa wameongezeka sana, na kidunia hawako hatarini, kwa hiyo tunaweza kuwapunguza hata kwa dawa. Ni kweli? Na hiyo hali ya ndege huwa wanaipimaje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na huyo jamaa maana ndio ananiuma zaidi, na si yeye peke yake. Kila mwaka naletewa picha za hivi, mara Ruvu, mara Wami, mara kwenye mabwawa ya chumvi, na kila picha inakuja na hukumu yake tayari, ama "wamejaa" ama "wamekwisha".

Hebu angalia hilo dimbwi lako. Mwezi wa kwanza vuli imeshapita, jua linawaka, vidimbwi vya bondeni vimekauka limebaki hilo moja, kwa hiyo bata waliokuwa kumi hapa, thelathini kule, wote wamehamia hapo. Huenda hajaongezeka hata mmoja, maji tu ndio yamepungua. Na inawezekana kabisa kwa ujumla wamepungua na wewe bado ukaona wengi kuliko miaka yote, kwa sababu kule walikokuwa wanatua zamani pamefukiwa pakawa shamba. Masika ikija watatawanyika utaona watano, halafu atatokea mwingine na simu yake aseme bata wamekwisha Ruvu.

Tena hawa wanakula sana usiku. Mchana wanapumzika kwa makundi pembeni ya maji, ukienda saa sita mchana unahesabu kijiwe chao, ukirudi saa mbili usiku unaweza usikute hata mmoja, wako huko mpungani wanapiga miluzi.

Kuhesabu kunakofaa ni kule kwa kurudi rudi. Madimbwi yale yale, mwezi ule ule, saa zile zile, mwaka baada ya mwaka, na dimbwi ukilikuta tupu unaandika sifuri. Hiyo sifuri watu wanairuka wanaona haina maana, na mimi nimeona inaharibu hesabu kuliko kitu kingine chochote, maana kama unaandika zile siku za bata wengi tu basi daftari lako litaonyesha wengi hata wakiwa wamebaki nusu. Ndio maana pia sensa ya kimataifa ya ndege wa majini, iliyoanza 1967, inafanyika Januari nchi nyingi kwa wakati mmoja, ili bata aliyehesabiwa kwako asihesabiwe tena kwa jirani mwezi unaofuata.

Sasa hiyo hali ya kidunia. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kwenye Orodha Nyekundu yao inayopima hatari ya viumbe kutoweka, hawaulizi tu "wapo wengi?" Wanauliza wanapungua kwa kasi gani, eneo lao limebaki kubwa kiasi gani, na wale wazima wa kuzaa wamebaki wangapi. Kasi inaangaliwa ndani ya miaka 10 au vizazi vitatu, inachukuliwa ile iliyo ndefu zaidi. Kwa kawaida wakipungua asilimia 30 wameingia daraja la kwanza la hatari, 50 la pili, 80 la tatu, na baada ya hilo ni kutoweka porini. Wazima wakiwa chini ya 1,000 dunia nzima, hapo idadi peke yake inatosha kuwaingiza. Kigezo kimoja tu kikitimia ndege anaingia, hangojewi vingine.

Kuna bata wa Ulaya na Asia anaitwa Aythya ferina, dume lake lina kichwa chekundu cha udongo. Mwaka 2015 alitolewa kundi la wasiotia wasiwasi akawekwa daraja la kwanza la hatari, na wakati huo bado walikuwepo mamia ya maelfu! Ungesimama kwenye ziwa moja wanakokusanyika majira ya baridi ungesema hawa hawawezi kuisha. Ndugu yake wa Madagaska, Aythya innotata, alionekana Ziwa Alaotra 1991 halafu kimya, watu wakaamini ameisha, mpaka 2006 wakakutwa wachache kwenye ziwa dogo kaskazini ya nchi. Na huko Alaotra kilichowamaliza ni pamoja na mabwawa kugeuzwa mashamba ya mpunga na samaki wa kigeni kuingizwa ziwani, mambo ambayo wewe wa Ruvu unayajua.

Kwa hiyo jamaa kasema nusu. Bata wako kweli yumo kundi la wasiotia wasiwasi, na sababu kubwa ni kwamba anaishi sehemu kubwa sana ya Afrika kusini mwa Sahara na Amerika Kusini pia. Hapo wanazungumzia dunia. Bata wa Ruvu wanaweza kuisha wote na lile kundi lisibadilike hata herufi. Na hakuna popote kundi hilo limekuwa kibali, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka leseni ya kuwinda hata kwa bata huyu wa kawaida.

Dawa ndio kabisa usiiguse. Bunyala upande wa Kenya wamewahi kutega ndege wa majini kwa kabofurani, dawa ya wadudu, kwenye mashamba ya mpunga, halafu nyama ikauzwa watu wakala. Sumu haichagui bata, inakwenda kwa korongo, kwa samaki, kwa mtoto anayechota maji hapo hapo.

Na sisemi haya kwa ajili ya bata wako tu. Nimeshashika ripoti ya tathmini ya mazingira iliyoandikwa kwa ziara ya siku moja tena katikati ya masika, imeandikwa "hakuna spishi iliyo hatarini", na kwa sentensi hiyo bwawa likafukiwa. Huyo aliyeandika alilipwa na hakurudi tena. Akija mtu kijijini kwenu na hukumu ya ndege, mwambieni alete daftari, amekuja tarehe zipi, saa ngapi, mwaka jana alihesabu wapi, na sifuri zake ziko wapi. Kama hana, mtendaji asigonge muhuri. Wewe mwenyewe anza kuandika Jumamosi hii, hilo dimbwi na mengine mawili unayoyapita ukienda shamba.