Muulize Mwalimu: Ati chuo cha shamba la kupewa?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mimi kijana wa Likoni, nimepata nafasi ya kusomea kilimo Marekani. Mjomba anasema hicho chuo kilipewa ardhi bure na serikali ndio kikajengwa hapo, kwa hivyo karo itakuwa kidogo. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Mjomba kapata nusu. Rais Lincoln alitia sahihi sheria ya mbunge Justin Morrill mwaka 1862, kila jimbo likapewa ekari 30,000 kwa kila mbunge na kila seneta wake, lakini si za kujenga! Zilikuwa za kuuza, pesa iwekwe, faida ndio iendeshe masomo ya kilimo na ufundi, majengo yasiguse hata senti. Majimbo ya mashariki hayakuwa na ardhi ya serikali basi yakapewa makaratasi tu, anayenunua aende akachague ardhi huko magharibi, na hiyo ardhi wenyewe wa asili walikuwa washanyang'anywa (sisi wa Pwani hilo hatuhitaji kuelezwa mara mbili).

Sasa kuuza nako kuna kuuza. Chuo cha Brown kule Rhode Island kiliuza makaratasi ya ekari 120,000 kwa dola 50,000, yani senti 42 hivi ekari moja, bei ya kutupa wallahi. New York, tajiri Ezra Cornell akayanunua makaratasi, akachukua misitu ya Wisconsin akatulia nayo, chuo chake mwishowe kikavuna karibu dola milioni 5.

Ugomvi mtamu ulikuwa Connecticut. Pesa za hiyo ardhi walikabidhiwa chuo cha Yale, wakulima wakapiga kelele ati mitihani ya kuingia inawafungia watoto wao na wanaomaliza hawarudi shambani, mpaka 1893 jimbo likaihamishia chuo cha kilimo cha Storrs. Yale wakaenda kortini, wakashinda, jimbo likawalipa zaidi ya dola 150,000!

Na bado. Sheria ya pili ya Morrill, ya 1890, iliruhusu majimbo yaliyobagua yafungue chuo kando cha watu weusi, mgao wa pesa ukawa wa kupunjana. Juzi tu, 2023, serikali kuu iliwaandikia magavana 16 kwamba vyuo hivyo vimekosa zaidi ya dola bilioni 12 kwa miaka 30.

Karo sasa: nafuu ni ya mkazi wa jimbo, wewe wa kutoka nje utalipa zaidi, mara nyingi maradufu na kupita. Hebu isome tena barua yako ya kupewa nafasi, na mjomba muulize kama yuko tayari kuchangia.